Kushusha Subaru Impreza WRX: urefu unaofaa barabara zetu na kazi yenyewe hatua kwa hatua

Kabla ya kuagiza springi, chukua tepu ukapime tuta baya kuliko yote katika njia unayopita kila siku. Namba hiyo ndiyo itakayoamua gari lako lishuke kiasi gani. Wengi huanzia upande wa pili: wanapenda picha ya gari lililolalia matairi yake, wananunua vifaa, kisha wanagundua kwamba geti la nyumbani halipitiki tena.

Mwongozo huu unahusu Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007: saluni ya GDA na wagoni ya GGA. Ni mojawapo ya magari ya mwendo yanayopendwa sana Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, na mpangilio wake ni rahisi kueleweka, kwani magurudumu yote manne yanatumia shokapu za MacPherson, yaani shokapu na springi zilizounganishwa kuwa kitu kimoja kinachoshika kitovu cha gurudumu kwa juu. STI ya GDB, toleo lenye nguvu zaidi, inafuata kanuni zilezile, ila vipimo vya baadhi ya bolti na mikono inayoshika magurudumu ni tofauti.

Gari likishuka, faida inaishia wapi?

Ukishusha gari, kituo cha uzito kinashuka nalo, na kwenye kona uzito unaohamia magurudumu ya nje unapungua. Tuseme kituo hicho kiko nusu mita kutoka ardhini: kulishusha gari milimita 25 kunapunguza uhamaji huo kwa takribani asilimia 5. Ni faida ya kweli, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya ule utulivu unaousikia baada ya kubadilisha vifaa inatokana na springi ngumu zaidi na shokapu nzuri. Urefu wenyewe unachangia kidogo tu.

Hasara nayo ina mahali pake pa kuanzia, na katika gari la MacPherson mahali hapo panaonekana kwa macho. Chuchumaa mbele ya gurudumu la mbele uangalie mkono wa chini, ule unaotoka kwenye fremu hadi kwenye boli jointi, kiungo cha duara kilicho karibu na gurudumu. Gari likiwa na urefu wa kiwandani, mkono huo unainama kidogo kuelekea nje, yaani upande wa gurudumu uko chini kuliko upande wa fremu. Ukilishusha gari hadi mkono ulale sawa na ardhi, bado uko salama. Ukipita hapo na boli jointi ikawa juu kuliko bushi za ndani (raba zinazoshika mkono kwenye fremu), mambo mawili yanaharibika pamoja.

Kwanza, ile nukta ya kufikirika ambayo bodi huizunguka linapolala kwenye kona inaporomoka haraka kuliko kituo cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kujilaza. Kwa hiyo gari lililoshushwa mno linaweza kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa mwanzo, na mwenye gari anakimbilia springi ngumu zaidi ili kutibu ugonjwa aliouleta mwenyewe. Pili, springi inapobanwa kwenye kona, gurudumu la nje haliongezi tena mwinamo wa kuinamia ndani kwa upande wa juu, ambao ndio unaolifanya tairi likanyage lami kwa upana wake wote. Mwinamo huo, ambao tutauita kemba, unaanza kurudi nyuma. Tairi linalia kwenye kona, bega lake la nje linaliwa, na usukani unavuta huku na kule gari likipita kwenye mashimo, kwa sababu tairodi, fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zimetoka kwenye pembe yake.

Kwa WRX hii, tahadhari inaanzia kwenye milimita 30. Kuanzia milimita 35 na kuendelea, panga bajeti ya boli jointi ndefu na tairodi endi za kurekebisha pembe. Kama huna bajeti hiyo, usishuke kiasi hicho.

Hesabu ya uvungu

WRX ya kawaida ina uvungu wa takribani milimita 155. Pima wa kwako, maana springi zilizochoka, egzosti kubwa ya kufungwa baadaye au tairi dogo vinabadilisha namba hiyo. Pima kutoka ardhini hadi kitu cha chini kabisa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwenye injini hii ya silinda zilizolala, paipu za egzosti hupita chini ya injini, kwa hiyo mara nyingi egzosti ndiyo inayogonga kwanza. Ile ngao ya plastiki chini ya injini haitazuia tuta la zege.

Sasa weka abiria. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Kwa springi laini, karibu kilo 3 kwa milimita kila gurudumu (yaani kilo 3 zinaibonyeza milimita moja), gari linazama milimita 23 hivi. Kwa springi za kilo 5 kwa milimita linazama milimita 14. Springi ngumu kiasi inakuokolea uvungu hata kabla gari halijaondoka.

Chukua tuta fupi la zege lenye kimo cha milimita 100, lile ambalo magurudumu ya mbele yamelivuka kabla ya nyuma kulifikia. Ukishusha milimita 25 kwa springi za kilo 5, una 155 toa 25 toa 14, yaani 116: zinabaki milimita 16 juu ya tuta ukipita polepole. Ukishusha 40, inabaki milimita 1. Gari likidunda kidogo tu wakati magurudumu ya mbele yanateremka, egzosti imeguswa.

Matuta marefu hayatishi hivyo. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya gari hili ni milimita 2525. Tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 na kimo kilekile cha milimita 100 linayainua magurudumu yote pamoja, kwa hiyo kilele kinapanda milimita 47 tu juu ya mstari wa magurudumu. Ndiyo maana gari moja linapita vizuri barabara kuu halafu linakwama kwenye tuta walilojijengea wakazi wa mtaa. Pima kimo, pima na upana.

Kumbuka pia asili ya vifaa. Sheria ya ukaguzi ya Japani inataka uvungu usiopungua sentimita 9, na vifaa vingi vya kushushia magari ya Kijapani vimebuniwa kwa ajili ya lami ya huko. Urefu anaoupendekeza mtengenezaji wa Kijapani ni mahali pa kuanzia kufikiri tu.

Pendekezo letu ni hili. Gari la kila siku mjini, lenye matuta na vipande vya vumbi: shusha milimita 15 hadi 20. Gari la wikendi linalopita lami nzuri: 25, na 30 iwe mwisho. Zaidi ya hapo ni gari la kubebwa kwa lori hadi uwanjani.

Springi peke yake, springi na shokapu, au koilova?

Springi fupi zinazoshusha milimita 20 hadi 30 ndizo za bei nafuu, lakini zinaifanya shokapu ifanye kazi ikiwa imebanwa muda wote, karibu na raba ya mwisho inayozuia isibonyee zaidi. Shokapu ya asili yenye kilomita 120,000 haiwezi kuituliza springi ngumu. Gari litapiga mawimbi, na shokapu itaanza kuvuja baada ya miezi michache. Ukinunua springi, nunua na shokapu mpya zinazolingana nazo.

Springi iliyokatwa kwa grainda usiikubali kabisa. Springi za Impreza zina mkia uliotengenezwa ukae kwenye kikombe chake. Ukikata mzunguko, mwisho haukai vizuri, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuhama kutoka mahali pake. Kuichoma kwa gesi ili ilale ni vibaya zaidi, kwani chuma kinapoteza ugumu wake na springi inaendelea kulala kila wiki, upande mmoja kuliko mwingine.

Koilova, yaani shokapu yenye uzi wa kurekebishia urefu, ndiyo inayokupa uhuru wa kuchagua. Ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza inarekebisha urefu kwa kusogeza kikombe cha springi. Ukikishusha, gari linashuka, lakini fimbo ya shokapu inaingia ndani na nafasi ya kubonyea inapungua. Ukikishusha mno, springi inalegea kabisa gurudumu likining'inia. Aina ya pili ina kitako cha chini kinachozunguka kwenye uzi wake chenyewe: shokapu nzima inafupishwa huku springi ikibaki ilivyo. Kwa barabara zenye mashimo, nunua aina ya pili.

Kuhusu ugumu, vifaa vingi vya gari hili huja na springi za kilo 7 au 8 kwa milimita mbele na 5 au 6 nyuma. Hizo ni za uwanja. Kwa barabara zetu, tafuta kilo 4 hadi 5 mbele na 3.5 hadi 4.5 nyuma. Ukishindwa kuzipata, agiza springi peke yake zenye kipenyo na urefu ule ule.

Vitu vya kuandaa

Jeki ya magurudumu na stendi nne, vizuizi vya matairi, soketi za milimita 12, 14, 17 na 19, ringi ya 19, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) inayofika Nm 200, dawa ya kulegeza kutu, brashi ya waya, rangi ya kuwekea alama, tepu, na kibanio cha springi kama utazitumia tena maunti za zamani, yaani vishikio vya juu vya shokapu kwenye bodi. Nunua nati mpya za kujifunga kwa bolti za chini za shokapu na nati mpya za juu ya fimbo. Kagua maunti za juu, linki za stabilaiza (chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona) na boli jointi kabla ya siku ya kazi. Kama zimechoka, badilisha sasa, kwa kuwa utakuwa umeshafungua kila kitu. Bolti zenye kutu zipulizie dawa usiku uliotangulia. Magari ya pwani, yaliyokula chumvi ya Mombasa au Dar kwa miaka, yapulizie siku mbili mfululizo.

Kazi ya mbele

Simamisha gari sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo sahihi na tanki likiwa nusu. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Kipimo hiki ndicho cha kuaminika, kwa sababu hakibadiliki ukiweka tairi lingine au upepo ukipungua.

1. Legeza nati za magurudumu, inua gari, weka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa chini ya milango, kisha toa magurudumu. Jeki peke yake haishikilii mtu aliye uvunguni.

2. Toa bolti ya 12 inayoshika mpira wa breki kwenye shokapu, pamoja na klipu ya waya wa ABS. Usiache kalipa au kitovu kining'inie kwenye mpira wa breki. Kifunge kwa waya kwenye bodi.

3. Tazama bolti mbili kubwa za 19 zinazounganisha shokapu na chuma cha kitovu. Ile ya juu ina kichwa chenye umbo la yai: ndiyo inayorekebisha kemba. Ipake alama ya rangi ilivyokaa. Wakati wa kufungua shika kichwa cha bolti na uzungushe nati. Ukizungusha kichwa kwa nguvu unaharibu ule mzunguko wa yai.

4. Toa nati, gonga bolti zitoke, kisha fungua nati tatu za 12 juu kwenye chumba cha injini huku mtu akiishika shokapu kwa chini. Nati ya katikati usiiguse. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguka bila kibanio inaweza kuua.

5. Kama unahamisha maunti, bana springi kwa vibanio viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana, ukizungusha kwa zamu na kwa mkono. Mashine ya upepo haitumiki hapa. Springi ikilegea kwenye vikombe vyote viwili, ndipo nati ya katikati inafunguliwa.

6. Funga shokapu mpya kwa mpangilio wa kinyume. Mkia wa springi ukae kwenye hatua ya kikombe chake. Raba ya kuzuia kubonyea irudi mahali pake au iwekwe ile iliyokuja na vifaa; kuiacha nje ni kuifanya shokapu igonge chuma kwa chuma.

7. Nati tatu za juu kaza kwa Nm 20 tu. Ni bolti nyembamba, hukatika mikononi mwa mtu mwenye haraka. Bolti za chini mbele ni Nm 175, nyuma ni Nm 196. Linganisha na kitabu cha mwaka wa gari lako kabla ya kukaza.

Kazi ya nyuma

Nyuma ni kazi ileile, isipokuwa njia ya kufikia nati za juu. Kwenye saluni unatoa kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Kwenye wagoni kuna kifuniko kidogo pembeni mwa sehemu ya mizigo. Baada ya kutoa bolti mbili, kitovu kinavutwa chini na mikono ya pembeni. Kikigoma, fungua linki za stabilaiza pande zote mbili, si upande mmoja.

Sasa inakuja hatua inayorukwa karibu kila gereji. Bushi za mikono zina raba iliyogandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Zilikazwa kiwandani gari likiwa limesimama kwenye urefu wake wa zamani. Ukilishusha bila kuzilegeza, raba inabaki imejipinda saa zote na kuchanika mapema. Kwa hiyo weka gari kwenye ubao au ngazi ya kupandishia gari matairi yakiwa yamebeba uzito, legeza bolti za bushi za mikono ya mbele na ya nyuma, litikise gari mara kadhaa, kisha kaza upya.

Kupanga urefu wa koilova

Anza juu kuliko unavyotaka. Kikombe cha springi kishike springi bila kucheza, ukiongeza milimita 2 hadi 5 tu za kuibana. Kama koilova ina kitako cha chini kinachozunguka, hakikisha mwili umeingia ndani yake kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Uzi ulioshika kidogo unaweza kung'oka. Pima uzi uliobaki wazi, upande wa kushoto na kulia iwe sawa.

Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita kadhaa ili matairi yajinyooshe, kisha pima kitovu hadi madigadi. Tofauti ya milimita 3 kati ya kushoto na kulia si shida. Usiukimbize usawa wa madigadi kwa kubana springi upande mmoja: madigadi ya gari lililowahi kugongwa yanaweza kuwa ndiyo yenye kosa. Hakikisha pia kwenye chuma cha chini ya milango, na acha pua iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 5 hadi 10. Gari lililokaa kitako litakataa kuingia kwenye kona.

Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu, isukume hadi iguse mwili, kisha pita njia yako ya kawaida ukiwa na abiria. Kamba itabaki mahali shokapu ilipofikia. Kama imegota kwenye raba kila safari, umeshuka mno au springi ni laini mno. Tunataka milimita 10 au zaidi zibaki bila kutumika kwenye safari ya kawaida. Jaribio hili linagharimu shilingi chache na linasema ukweli kuliko jicho la mtu yeyote.

Alaimenti

Usiendeshe wiki nzima bila alaimenti. Kushuka kunabadilisha uelekeo wa magurudumu mbele na nyuma, na tairi jipya linaweza kwisha ndani ya kilomita 2000. Mwambie fundi namba hizi (alama ya kutoa ina maana gurudumu linainamia ndani kwa juu): kemba mbele nyuzi -1.2 hadi -1.5, nyuma -1.0 hadi -1.5, mbele magurudumu yatazame moja kwa moja, nyuma yaingie ndani jumla ya milimita 1 hadi 2. Tofauti ya kemba kati ya kushoto na kulia isizidi nyuzi 0.3, la sivyo gari litavuta. Nyuma, uelekeo unarekebishwa kwa bolti ya mkono wa pembeni, lakini kemba haina marekebisho ya kiwandani. Ikipita nyuzi -2, weka bolti za kemba za kununua.

Springi mpya hulala kidogo, mara nyingi milimita 5 au zaidi, kwenye kilomita mia chache za kwanza. Pima tena baada ya kilomita 500, kaza upya bolti zote kwa spana ya torki, kisha rudia alaimenti. Rekebisha na taa za mbele, maana pembe ya gari imebadilika.

Kelele na maana zake

Mlio wa "tak" ukikata usukani ukiwa umesimama: springi inarukia kikombe, au maunti ya juu imekwisha. Kugonga kwenye mashimo madogo tu: linki ya stabilaiza, au nati ya juu ya fimbo imelegea. Kusugua unapokata kona ukiwa na abiria nyuma: tairi linagusa ukingo wa ndani wa madigadi; angalia upana wa rimu kabla ya kulaumu urefu.

Tairi nalo linakupa uvungu. Lile la 215/45R17 lina kipenyo cha milimita 625, na la 205/50R17 lina 637. Kubadilisha kunainua gari milimita 6, na ukuta mrefu zaidi unailinda rimu kwenye mashimo. Badilisha yote manne kwa pamoja: gari hili linaendeshwa na magurudumu yote, na kipenyo kisicholingana kinachosha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Kila mwezi safisha uzi wa koilova kwa maji na brashi laini, ukauke, kisha pulizia mafuta ya kuzuia kutu. Vumbi jekundu likichanganyika na grisi linakuwa kama msasa, na chumvi ya pwani inaunganisha pete na mwili hadi isizunguke tena. Pete iliyoganda ukiigonga kwa nyundo unavunja meno yake. Loweka kwa dawa usiku kucha, kisha izungushe kwa spana yake mwenyewe, gari likiwa limeinuliwa na springi haina mzigo.